Fedha za utafiti zifike hadi ukumbi wa mihadhara

Lori lililosheheni mizigo linagongana uso kwa uso na gari dogo. Lipi linamsukuma mwenzake kwa nguvu kubwa zaidi? Wengi tutasema lori. Fizikia inasema nguvu ni sawa; gari dogo linaharibika zaidi kwa kuwa ni jepesi.

Mwaka 1990, Profesa Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliwapa wanafunzi wake maswali ya aina hiyo. Walikuwa vijana waliochujwa, hodari wa kukokotoa, na yeye alisifika kwa kufundisha. Hata hivyo, wengi walikwama. Mmoja akamuuliza ajibu vipi: kama walivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe?

Mazur hakuwalaumu. Aliuchunguza mhadhara wake kama alivyozoea kuchunguza miale ya leza maabarani. Akaacha kuhutubia saa nzima. Akawa anatoa swali, kila mmoja anajibu peke yake, kisha anamgeukia jirani wabishane, halafu wanajibu upya.

Sasa mhadhiri wa Dar es Salaam au Nairobi akitaka kufanya hivyo, muda ataupata wapi? Darasa lina mamia ya wanafunzi, mitihani inasubiri kusahihishwa, na kupanda cheo kunategemea zaidi makala alizochapisha. Ruzuku ya kutafiti malaria au mbegu za mahindi anajua pa kuiombea. Ya kutafiti kwa nini nusu ya darasa lake la takwimu inakariri desa bila kuelewa, ni nadra kuiona ikitangazwa.

Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2001, alilielewa tatizo hili. Mwaka 2006 alianzisha mpango katika Chuo Kikuu cha Colorado, na mwaka uliofuata katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Idara zilishindania fedha za kuboresha kozi zao. Zilizoshinda ziliajiri wataalamu wenye shahada ya uzamivu katika somo husika, wakakaa humo humo idarani na kuwasaidia wahadhiri kujibu maswali matatu: mwanafunzi anapaswa kujua nini, anajua nini kwa kweli, na mbinu ipi inamsaidia?

Tunda lake moja lilichapishwa mwaka 2011 katika jarida la Science. Makundi mawili ya fizikia, kila moja likiwa na wanafunzi zaidi ya 260, yalifundishwa mada ile ile kwa wiki moja. Kundi la kwanza lilikuwa na profesa mzoefu aliyehutubia kama kawaida. La pili lilikuwa na mwalimu asiye na uzoefu mkubwa, lakini aliyetumia maswali, majadiliano na majibu ya papo kwa papo. Katika jaribio, kundi la profesa lilipata wastani wa asilimia 41, na la pili asilimia 74. Mahudhurio nayo yaliongezeka katika kundi la pili.

Kwetu mwanzo upo. Kati ya 2018 na 2021, mradi wa TESCEA, kwa fedha za Uingereza, ulifanya kazi na vyuo vikuu vya Mzumbe, Dodoma, Gulu na Uganda Martyrs kubadili mitaala na ufundishaji. Tatizo la miradi ni kwamba huisha. Tanzania ina mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021, unaogharimia majengo, maabara, mitaala na masomo ya wahadhiri. Ni kazi njema, lakini maabara mpya haimwambii mhadhiri kama ameeleweka.

Gharama ya kutoeleweka naijali sana. Kijana anayerundika sapu hadi kudisko anarudi nyumbani bila shahada, huku deni la Bodi ya Mikopo likimsubiri.

Kwa hiyo mabaraza ya vyuo vyetu yatenge kifungu cha kudumu cha kutafiti ufundishaji katika bajeti ya ndani, hata kiwe kidogo. Kisiliwe na semina na posho. Kimpunguzie mhadhiri kozi moja kwa muhula, kimlipe msaidizi wa kukusanya takwimu, na matokeo yahesabiwe anapoomba cheo. Bajeti ijayo ianze na idara moja iliyo tayari.