Kamera za ulinzi shuleni: Lemera ziwekwe wapi, na picha zibaki mikononi mwa nani?

Kamera za ulinzi si kitu cha benki na hoteli kubwa tena. Bei imeshuka, na shule nyingi za Afrika Mashariki zimeanza kuzifunga. Kwa wakuu wa shule na komite za wazazi wa Lemera, katika milima ya territoire ya Uvira, kununua si kazi ngumu sana. Kazi iko kwenye kuchagua ukuta gani ubebe kamera, na nani awe na ufunguo wa picha.

Tuanze na ukweli mmoja mchungu: kamera haizuii risasi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, upande wa Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Kasindi. Watu 42 waliuawa, 37 kati yao wanafunzi, na wavulana wengi waliteketea ndani ya bweni. Kwenye chuo kikuu cha Garissa, Kenya, tarehe 2 Aprili 2015, waliuawa watu 148. Mahali pa namna hiyo kamera ingebaki shahidi tu. Anayemwambia prefe kwamba kamera nne zitawakinga watoto na watu wenye silaha anamdanganya.

Inachoweza kamera ni mambo ya kila siku: mwizi wa plaki za sola, mgeni asiyejulikana anayezunguka madarasa, kompyuta inayopotea wakati wa mapumziko, mtu anayetoka ofisini usiku. Kwa hiyo kamera ya kwanza ni ya mlango wa kuingilia. Lakini shule nyingi za milimani hazina ukuta wala lango. Njia ya kwenda sokoni au mtoni inapita katikati ya kiwanja. Hapo kamera moja haitoshi, na pesa zake zingefaa zaidi kwa uzio wa miti na lango moja. Ukiwa na lango, kamera itajua itazame wapi.

Ifungwe kwenye urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu. Juu zaidi itapiga picha za kofia, chini zaidi itang'olewa. Na Lemera kuna jambo la jua: bonde la Ruzizi na milima ya Burundi viko mashariki. Kamera inayotazama huko saa moja asubuhi, wakati wanafunzi wanaingia, itaona vivuli vyeusi tu. Igeuzwe kaskazini au kusini. Wakati wa mvua na ukungu, kioo chake kifutwe mara kwa mara. Buibui nao wanapenda sana taa ya usiku ya kamera.

Kamera ya pili ni ya mlango wa ofisi na stoo, mahali panapokaa minervali, karatasi za mitihani na betri.

Ya tatu wachache wanaifikiria, na kwangu mimi ndiyo yenye maana kuliko zote kwenye vyuo vyetu: korido ya ofisi za walimu. Kila mwanafunzi wa Uvira au Bukavu amesikia habari za pointi zinazolipwa kwa mwili. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu unyanyasaji wa kijinsia, lakini msichana anakosa ushahidi. Kamera inayoonyesha mlango tu, nani aliingia, saa ngapi, alikaa muda gani, inaweza kumsaidia. Si lazima iingie ndani ya ofisi.

Kwenye internati, kamera ibaki nje, itazame milango ya bweni. Kule Kyanguli, Kenya, mwaka 2001, wavulana 67 walikufa kwa moto bwenini, mlango mmoja ukiwa umefungwa. Endarasha, mwaka 2024, moto uliua wavulana 21. Mlango unaofunguka kwa ndani na zamu aliye macho vitangulie kamera. Ndani ya bweni, bafuni na vyooni kamera isiingie kabisa, hata kwa sababu nzuri.

Na darasani? Ufaransa, tume ya CNIL inakubali kamera kwenye milango na njia za kupitia, lakini kiwanja cha michezo na sehemu watoto wanakoishi zisipigwe picha saa za masomo, isipokuwa kuwe na hali ya pekee. Uswidi ilikwenda mbali zaidi: mwaka 2019 mji wa Skellefteå ulitozwa faini ya kroni 200,000 kwa kutumia kamera zinazotambua sura kuhesabu wanafunzi 22. Kwetu, Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi, na sura ya mtoto ni mojawapo.

Halafu kuna umeme. Kamera nne na sanduku la kurekodi vinakula karibu wati 50. Kwa saa 24 ni wati-saa 1,200, sawa na betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ikamuliwa yote. Betri ya kawaida ikimalizwa hivyo inakufa haraka, basi zihitajike mbili, na plaki za wati 400 hivi. Hesabu hiyo fundi mara nyingi haisemi mpaka kamera zizimike saa nane za usiku.

Lililobaki ni picha zenyewe. Wazee wa Lemera wanakumbuka tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali iliposhambuliwa na wagonjwa kuuawa. Wanakumbuka pia makubaliano ya AFDL yaliyobeba jina la kijiji chao, na akina kadogo waliotolewa shuleni wakapewa bunduki. Katika nchi ambamo wenye silaha wanapokezana kijiji, diski yenye sura za wanafunzi wote, saa wanazofika na njia wanayopita, ni orodha tayari ya kuandikisha watoto. Ndiyo maana sanduku lisiwekwe mezani kwa prefe, ambapo mwizi au askari atalichukua kwanza. Likae juu, ndani ya kabati la chuma, mbali na maji pia. Uvira iliona Aprili 2020 Mulongwe unavyoweza kuingia nyumbani.

Picha zijifute zenyewe baada ya siku 15. Neno la siri ligawanywe nusu kwa prefe, nusu kwa mwenyekiti wa komite ya wazazi, na kila anayefungua aandike jina lake na sababu kwenye daftari. Na siku milio ikianza kusikika mlimani, mtu mmoja awe anajua jinsi ya kufuta yote kwa dakika mbili.