Kunguru na Neno Lililofichwa

Mtu atoapo hoja hutamka mambo mawili: jambo analolijua, na jambo analotaka wenzake walisadiki. Lakini mara nyingi katikati yake pana jambo la tatu asilolitamka. Jambo hilo ni kama mguu wa nguzo uliofukiwa ardhini: hauonekani, lakini ukiliwa na mchwa nyumba huanguka.

Mfano wake ni habari ya kunguru wa Bara Hindi, ndege mweusi mwenye shingo ya kijivu, aonekanaye kila siku Mikocheni na mahali pengi pa Dar es Salaam. Asili yake si nchi hii. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kuondoa taka za mji. Hoja yenyewe ilikuwa hivi: “Kunguru hula taka, basi kunguru wakiwapo, mji utakuwa safi.”

Mwanzo wa hoja hiyo ni kweli, maana kunguru hula mizoga na makombo. Lakini ndani yake yalifichwa maneno mawili. La kwanza, kwamba kunguru hatakula kitu chenye faida kwa watu. La pili, kwamba atakaa pale pale alipowekwa. Matendo ya ndege mwenyewe yalionyesha kuwa yote mawili si kweli. Alikula mayai na makinda ya ndege wengine, akanyakua vifaranga vya kuku, akaharibu matunda na nafaka. Tena alizaana sana, akaenea hata pwani ya Tanganyika na Kenya. Mwishowe ililazimu kumtega na kumtilia sumu yule yule aliyeletwa awe msaidizi.

Basi mtu wa Mikocheni, akiisha kusikia habari hiyo, aweza kusema: “Zamani ndege wadogo walikuwa wengi hapa. Siku hizi kunguru ni wengi, na ndege wadogo ni wachache. Kwa hiyo kunguru ndio waliowamaliza.” Huenda ikawa kweli, maana kunguru huvamia viota. Walakini hoja hii nayo ina neno lililofichwa, yaani kwamba hakuna jambo lingine lililobadilika. Jina la Mikocheni maana yake ni mahali penye mikoche. Lakini leo nyumba, kuta na barabara zimechukua nafasi ya miti na vichaka vingi. Ndege asiye na mti wa kujenga kiota huondoka, hata asipofukuzwa na kunguru. Mtu akiwaua kunguru wote asipande hata mti mmoja, huenda akangoja ndege wale bure.

Mwanafunzi atakaye kulifichua neno la namna hii na afanye mambo matatu. Kwanza ajiulize: “Ni neno gani lisilotamkwa ambalo lazima liwe kweli, ili mwisho wa hoja ufuate mwanzo wake?” Pili, aligeuze neno lile liwe kinyume, hoja ikianguka, ndipo ajue kuwa ameipata nguzo yake. Tatu, amtazame mnyama mwenyewe, aone kama matendo yake yanalishuhudia neno lile au yanalikana.

Zoezi. Mtu mmoja alisema: “Bundi amelia usiku juu ya paa, na asubuhi mgonjwa amekufa, basi bundi ndiye aliyeleta kifo.” Je, ni neno gani lililofichwa hapa? Na zile siku bundi aliliapo, pasife mtu, nani huzihesabu?