Shamba Lako Limekaa Juu ya Jiwe Gani?

Vijana, nikipita mashambani kati ya Kigoma na Ujiji naulizwa sana: mbolea nimeweka, mbona mahindi bado ya njano? Huwa naanza kwa kuangalia mawe.

Miamba geu ni miamba ya zamani iliyobanwa na kupata joto kali ardhini ikabadilika bila kuyeyuka. Ipo ya aina mbili:

1. Yenye matabaka: sleti, shisti, naisi.
2. Isiyo na matabaka: marumaru, ambayo zamani ilikuwa mawe ya chokaa, na kwatzaiti, ambayo ilikuwa mchanga ulioshikana.

Vilima vya Kigoma vina kwatzaiti nyingi. Ikimomonyoka inaacha kichanga: maji yanapita haraka na mbolea inaondoka nayo.

Usisage jiwe jeupe ukadhani ni chokaa. Dondoshea unga wake maji ya limao. Wa marumaru utatoa povu. Wa kwatzaiti hautoi, na jiwe lenyewe linakwaruza chupa.

Kwenye kichanga weka samadi, gawa mbolea kwa awamu, na pima tindikali ya udongo kabla ya kununua chokaa. Wa michikichi, pitieni TARI Kihinga mkaulize kabla ya kupanda.