Mtoto yuko ‘akiba’ shule binafsi? Hivi ndivyo orodha hiyo inavyosogea

“Mtoto wako amefaulu usaili, ila nafasi zimejaa. Tumemweka kwenye orodha ya akiba, tutawasiliana.”

Ujumbe wa namna hii huingia kwenye simu za wazazi wengi Tanzania msimu wa kutafuta nafasi za kidato cha kwanza, na wengi huusoma vibaya. Wapo wanaouona kama “hapana” ya kistaarabu, wanaacha kufuatilia. Wapo wanaouona kama “ndiyo” iliyochelewa, wanatulia tuli mpaka Januari shule zinafunguliwa na mtoto hana pa kwenda.

Orodha ya akiba haiko kama foleni ya benki, kwamba wa mbele akihudumiwa wa nyuma anasogea. Inaweza kukaa wiki sita bila kutikisika, halafu ikasogea watu kumi kwa siku mbili. Mzazi akijua inasogea lini na kwa nini, hahangaiki kupiga simu kila asubuhi.

Kwanza, vitanda

Shule nyingi binafsi zinazogombewa ni za bweni, na bweni lina idadi ya vitanda. Kama vitanda vya wasichana wa kidato cha kwanza ni 80, msichana wa 81 anasubiri hata kama hesabu zake ni za moto. Na kwenye shule ya mchanganyiko, kitanda kikibaki wazi upande wa wavulana hakimsaidii binti yako.

Kwa hiyo swali la “mwanangu ni wa ngapi?” halitoshi. Uliza ni wa ngapi kati ya wasichana, au kati ya wavulana. Uliza pia kama shule inachukua wa kutwa. Familia inayoishi karibu inaweza kupata nafasi ya kutwa wiki hiyohiyo, wakati ya bweni ingesubiriwa mpaka Januari. Baadhi ya shule huwapa kipaumbele wenye kaka au dada pale shuleni, na za dini zinaweza kutaka barua ya paroko, mchungaji au imamu. Kama una kitu cha namna hiyo na hukukiandika kwenye fomu, kiseme sasa.

Kalenda ndiyo inayosogeza

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba. Shule binafsi hazisubiri matokeo. Nyingi hufanya usaili wao wenyewe, mara nyingi Jumamosi, kwa maswali ya Hisabati na Kiingereza. Hapa mtoto aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili anaanza nyuma kidogo, kwa sababu karatasi ya usaili kwa kawaida iko kwa Kiingereza. Anaweza kuijua hesabu kabisa na asielewe swali linamtaka afanye nini. Mzazi wa mtoto huyo aulize kama kuna usaili wa awamu ya pili, maana wiki chache za kuzoea maneno ya Kiingereza cha hesabu zinaweza kubadilisha majibu.

Baada ya usaili, waliochaguliwa hupewa tarehe ya mwisho ya kulipa sehemu ya ada. Tarehe hiyo ikipita, wasiolipa wanaondolewa na orodha inasogea kwa mara ya kwanza.

Mara ya pili ni matokeo ya NECTA yanapotoka, kwa kawaida kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba. Mtihani una alama 300, na daraja A linaanzia 241. Shule iliyotoa nafasi kwa sharti la kupata A hubaki na mapengo pale baadhi wanapoishia B.

Mara ya tatu wazazi wengi huisahau, nayo ni Desemba. TAMISEMI ikitangaza shule walizopangiwa wanafunzi, wapo wanaojikuta wamepata shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, Tabora Wavulana au Tabora Wasichana. Hao ndio vichwa ambao shule binafsi zilikuwa zimeshawachukua. Familia ikipiga hesabu, shule ya serikali isiyo na ada na yenye jina kubwa inashinda, na mtoto anaacha kitanda chake huko binafsi. Siku chache baada ya tangazo hilo ndizo za kupiga simu.

Mwisho ni wiki ya kwanza na ya pili baada ya shule kufunguliwa Januari. Kuna watoto hawaripoti. Mzazi kakosa hela, kahamishwa kikazi, au alikuwa ameshika nafasi shule tatu kwa mpigo. Mkuu wa shule mwenye kitanda kitupu hapo hana muda wa kufuata orodha kwa ukamilifu. Anampigia anayepokea simu na anayeweza kulipa leo au kesho.

Ndiyo maana namba uliyoandika kwenye fomu iwe ya mtu anayepatikana. Namba ya baba aliye migodini kusiko na mtandao imeshawanyima watoto nafasi.

Ujumbe mfupi unatosha

Huhitaji kwenda shuleni kila wiki. Kila tarehe ya kusogea ikipita, tuma ujumbe mmoja wa heshima: “Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni mzazi wa (jina la mtoto), namba ya usaili (weka namba), yuko akiba upande wa wasichana. Bado tunaihitaji nafasi na tunaweza kulipa ndani ya siku tatu. Naomba kujua hali ikoje.” Hizo siku tatu ndizo zinazosomwa, lakini usiziandike kama hela haipo.

Akitokea mtu anayesema “nina mtu ndani, toa laki mbili jina lipande”, achana naye. Malipo halali yanaingia akaunti ya benki yenye jina la shule, na unapewa stakabadhi.

Sasa hela ya shule ya pili

Hapa ndipo familia nyingi zinapoumia. Shule unayoitaka imekuweka akiba, na shule ya pili imekukubali ila inataka malipo ya kushika nafasi kabla ya mwisho wa Novemba. Tuseme ni Sh400,000. Ukilipa na ile ya kwanza ikaita Januari, hela imekwenda. Usipolipa na ile ya kwanza isiite, umekosa zote.

Kabla ya kulipa, uliza kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, kama hela inarudishwa na mpaka tarehe gani. Majibu ya mdomo kwenye simu hayana msaada. Kisha mkae nyumbani mkubaliane siku ya kuacha kusubiri. Baba anaweza kuwa anataka shule yenye jina, mama anataka ya karibu, na shangazi anayechangia ada ana yake. Bila tarehe iliyokubaliwa, kila mmoja atasubiri kivyake mpaka Februari.

Vitu navyo ni gharama. Maelekezo ya kujiunga yanataja godoro, tranka, ndoo, shuka za rangi fulani, rimu ya karatasi na sare ambazo mara nyingi zinauzwa shuleni hapohapo. Godoro na tranka vinahama na mtoto. Sweta lenye nembo halihami. Nunua yanayohama kwanza.

Nafasi ya serikali usiidharau

Mwanafunzi aliyefaulu, yaani kuanzia alama 121, hupangiwa sekondari ya serikali, hata kama alisoma msingi shule binafsi. Na tangu Januari 2016 sekondari hizo hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne. Bado kuna sare, madaftari na wakati mwingine chakula, lakini hakuna mtoto aliye akiba ambaye kweli “hana shule”.

Kumweka nyumbani Januari nzima akisubiri simu ni uamuzi mbaya kuliko yote. Aripoti alikopangiwa, aanze masomo. Lugha ya kufundishia ni Kiingereza kote kuwili na mtihani wa kidato cha nne ni uleule. Simu ikija, mnafuata utaratibu wa uhamisho kwa mkuu wa shule. Isipokuja, hajapoteza hata kipindi kimoja.

Na mumwambie ukweli. Mtoto wa miaka 13 anajua marafiki zake wamepata wapi. Akisikia tu “umekosa”, anaamini alifeli, wakati alifaulu usaili na kilichokosekana ni kitanda.

Inafaa kusubiri kweli?

Si kila shule inastahili kungojwa. Tangu Januari 2023 NECTA haitangazi tena shule kumi bora, ila matokeo ya kila shule yapo wazi kwenye tovuti yake. Chukua idadi ya waliofanya upimaji wa kidato cha pili, kisha angalia wangapi walifanya cha nne miaka miwili baadaye. Kama walikuwa 120 wakabaki 85, waulize wale 35 walikwenda wapi kabla hujashangilia daraja la kwanza lililojaa ukurasa mzima.

Wenye watoto wadogo nao waanze kuhesabu. Chini ya mtaala mpya elimu ya msingi ni miaka sita, na waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huohuo watamaliza wale waliokuwa darasa la nne mwaka 2024, wakiwa darasa la saba. Januari 2028 makundi yote mawili yatahitaji kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Shule ikikwambia leo kwamba akiba yao “husogea haraka”, inazungumzia miaka ya kundi moja. Mwenye mtoto kwenye madarasa hayo aulize mapema kama wanaongeza bweni, na fomu za msimu huo zitaanza kutolewa mwezi gani.