Sabuni ya povu: gramu 30 zatosha chupa nzima

Kipande cha sabuni kinachoachwa nje ya choo hakikai. Kitachukuliwa kwenda kufulia, kitadondoka matopeni au kitayeyushwa na mvua, na watoto wataosha mikono kwa maji matupu.

Wakazi wa Kachibora na maeneo jirani wanaweza kutumia maji ya sabuni badala yake. Gramu 30 za sabuni ya unga zinatosha lita 1.5 za maji safi; uzito huandikwa kwenye pakiti. Tanguliza maji kwenye chupa ya plastiki, tia sabuni, funga, kisha igeuze polepole. Toboa kifuniko kwa msumari. Sugua mikono kwa sekunde 20 na uisuuze vizuri, kwani sabuni ya kufulia hukausha ngozi.

Njia hii si ngeni upande huu. Katika utafiti wa WASH Benefits, baadhi ya boma za Bungoma, Kakamega na Vihiga ziliwekewa mitungi ya kukanyaga kwa mguu, mmoja wa maji ya sabuni, mwingine wa kusuuza, karibu na choo na karibu na jikoni.

Mwenye chupa ya pampu ya povu asiitupe ikiisha. Aisuuze, kisha achanganye kipimo kimoja cha sabuni ya maji na vipimo vinne vya maji. Ikiwa nzito, pampu huziba.

Usiongeze dawa ya kung'arisha nguo. Mvuke wake unaweza kudhuru. Na uandike SABUNI kwenye chupa, hasa iliyokuwa ya soda, mtoto asije akanywa.