Fahamu: Elimu ya mgonjwa wa kisukari ni nini?

Ni mafunzo ya kujihudumia nyumbani: kupima sukari, kuchoma insulini, kupanga mlo na kutambua hatari mapema.

Dawa na joto

Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ushongo, wilayani Pangani, asiye na friji anaweza kuipoza ndani ya chungu cha udongo chenye unyevu. Barafu ya wavuvi? Hapana, insulini ikiganda imeharibika.

Miguu

Kisukari huweza kufisha hisia za nyayo. Anayetembea pekupeku ufukweni hukatwa na matumbawe asijue. Akague miguu kila jioni, hadi katikati ya vidole.

Sukari ikishuka

Ukitetemeka na kutoka jasho, kipimo cha sukari kikiwa chini ya 4 mmol/L, kunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, kisha pima tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asinyweshwe chochote. Apelekwe hospitali haraka.