Oksijeni kwa Mgonjwa Aliye Njiani: Kipimo Kwanza, Mtungi Baadaye

Na Mwandishi Wetu, Moshi

Gari la wagonjwa linapoteremka kutoka Marangu, Machame au Kibosho kuelekea Hospitali ya Mawenzi au KCMC mjini Moshi, ndugu wa mgonjwa huwa na ombi moja kwa mhudumu: “Muongezee hewa.” Ombi hilo linaeleweka, lakini si kila mara linamsaidia mgonjwa. Oksijeni ni dawa, nayo ina dozi.

Ndiyo maana mhudumu humbana mgonjwa kidoleni kwa kifaa kidogo kinachoonesha asilimia ya oksijeni katika damu. Kwa wagonjwa wengi wa dharura, lengo ni 94 hadi 98. Aliye chini ya hapo huongezewa. Aliyefikia hapo kwa kawaida haongezewi, hata akiwa na maumivu ya kifua.

Wanaohitaji uangalifu zaidi ni wenye magonjwa sugu ya mapafu, wakiwemo waliovuta tumbaku na akina mama waliopikia kuni kwa miaka mingi. Kwao lengo ni 88 hadi 92. Wakipewa oksijeni nyingi, hewa ya kabonidayoksaidi hujikusanya katika damu. Mgonjwa husinzia, na ndugu hudhani amepata nafuu, kumbe anaelekea kushindwa kupumua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa 405 waliobebwa na magari ya wagonjwa huko Tasmania, Australia, ulionesha kuwa waliopewa oksijeni nyingi walifariki takribani 9 katika kila 100, ilhali waliopewa kwa kipimo walifariki 4.

Mhudumu anayepunguza gesi, basi, hamnyimi mgonjwa.

Zipo hali ambazo oksijeni nyingi hutolewa mara moja bila kusubiri kipimo: moyo uliosimama, majeraha makubwa yenye kutoka damu nyingi, na sumu ya moshi wa jiko la mkaa lililowashwa ndani ya chumba kilichofungwa, jambo linalotokea nyakati za baridi. Katika sumu hiyo kifaa cha kidoleni hudanganya, kwani huonesha namba nzuri wakati mgonjwa yumo hatarini. Vidole vya baridi na rangi ya kucha navyo huvuruga usomaji.

Mlimani hesabu hubadilika. Katika Kilele cha Uhuru, mita 5,895, kiwango cha oksijeni hewani bado ni asilimia 21, lakini mgandamizo wa hewa ni takribani nusu ya ule wa pwani. Mpandaji mwenye afya njema anaweza kusoma chini ya 90 bila kuwa mgonjwa. Dalili za hatari ni kuishiwa pumzi akiwa amepumzika, kuyumba na kuchanganyikiwa. Huyo hupewa oksijeni huku akiteremshwa, pengine kwa machela ya gurudumu moja. Mtungi si kibali cha kuendelea kupanda.

Kuna pia suala la mtungi wenyewe. Wenye lita 680 za gesi, ukifunguliwa kwa lita 15 kwa dakika, huisha kwa dakika 45. Kwa lita 2 hudumu zaidi ya saa 5. Wakati wa masika, barabara za vijijini zikiwa tope, tofauti hiyo si ndogo.

Wananchi wanaombwa kumweleza mhudumu mapema iwapo mgonjwa ana ugonjwa sugu wa mapafu, na kubeba dawa zake pamoja na kadi ya kliniki.